Namna ya Kukadiria Gharama ya Kutengeneza Bodi ya Gari la Zamani

Anayetaka kununua Volkswagen Beetle, Land Rover ya miaka ya sitini au Peugeot 504 iliyokaa muda mrefu uani huuliza kwanza habari za injini. Swali hilo ni la haki, lakini mara nyingi si hapo fedha nyingi zinapokwenda. Injini ya Beetle imeshikiliwa na bolti nne, na fundi mwenye jeki nzuri huishusha kabla ya saa sita mchana. Ikiwa imeharibika kabisa, hutafutwa nyingine na kupachikwa. Bodi haina njia ya mkato ya namna hiyo. Kutu iliyokula sakafu au kizingiti cha mlango haiondoki mpaka bati bovu likatwe, bati jipya lipimwe, likunjwe, lichomelewe, lisagwe na kupakwa praima, na kila hatua kati ya hizo ni muda wa mtu unaolipiwa. Kwa hiyo anayetaka kujua kama gari la zamani litamfaa au litamfilisi hana budi kujifunza kuisoma bodi kabla ya kujadiliana bei.

Maelezo yanayofuata yameandikwa kwa ajili ya mtu ambaye si fundi bodi, lakini atakayesimama mbele ya fundi na kuambiwa kiasi fulani cha fedha, naye atake kujua kama kiasi hicho kina msingi. Nimetumia magari matatu kama mifano kwa sababu bado yanaonekana Kenya na Tanzania, na kwa sababu kila moja limeundwa kwa namna tofauti na mwenzake. Namna gari lilivyoundwa ndiyo inayoamua gharama zaidi kuliko ukubwa wa uharibifu unaoonekana kwa macho.

Kwanza amua gari litafanya kazi gani

Hakuna bei moja ya kutengeneza bodi. Gari la kwendea sokoni na kanisani, gari la kukimbizwa porini, na gari la kupelekwa kwenye maonyesho ni kazi tatu tofauti hata kama yote matatu ni Beetle za mwaka mmoja. Mashindano ya Africa Concours d'Elegance, yaliyoanza 1970 na ambayo hufanyika Nairobi katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, huhukumu umaridadi na hali ya gari, na mwenye nia ya kufika huko lazima alipie siku nyingi za msasa ambazo gari la kutumia kila siku halizihitaji. Kinyume chake, East African Safari Classic Rally, iliyoanza 2003 kuadhimisha miaka 50 tangu mbio za kwanza za magari za Safari Rally za 1953, huhitaji bodi iliyoimarishwa kwenye viungo, na hakuna atakayejali kama rangi ya boneti inang'aa kama kioo.

Mwambie fundi wazi ni kiwango gani unachokitaka, tena kwa maneno yasiyo na utata: "Nataka gari lililo imara, lisiloingiza maji, lenye rangi nadhifu" ni agizo tofauti kabisa na "Nataka gari kama lilivyotoka kiwandani." Agizo la pili linaweza kuongeza gharama mara mbili au zaidi, na ongezeko lote likaenda kwenye vitu ambavyo mpita njia hawezi kuviona. Ushauri wangu kwa mtu anayeanza ni kuchagua agizo la kwanza na kulisimamia mpaka mwisho, kwa sababu mtu anayebadilisha nia kazi ikiwa katikati hulipia kazi moja mara mbili.

Kagua kutoka chini kwenda juu

Macho hupenda kuanza na rangi, nayo rangi ndiyo inayodanganya. Anza na uvungu. Nenda na tochi yenye mwanga mkali, bisibisi butu, sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa laini ili isikwaruze, futi ya kupimia na mkeka wa kulalia. Mwombe mwenye gari ruhusa ya kunyanyua mazulia na kugonga mabati. Akikataa, jibu umeshalipata. Usiingie kamwe chini ya gari lililosimamishwa kwa jeki peke yake. Weka stendi imara pande zote unazonyanyua.

Gonga bati kwa mpini wa bisibisi ukisogea kidogo kidogo. Bati zima hutoa mlio mkali na kurudisha mpini mkononi. Bati lililoliwa na kutu hutoa sauti nzito, iliyokufa, na wakati mwingine unga wa rangi ya kahawia hudondoka upande wa ndani. Pale sauti inapobadilika, weka alama kwa chaki, kisha endelea mpaka sauti irudi kuwa kali. Duara lililochorwa kwa chaki ndilo eneo la kukata, nalo mara nyingi huwa kubwa zaidi ya tundu linaloonekana, kwa kuwa mchomeleaji hawezi kushika bati jembamba lililobaki ukingoni mwa tundu. Litayeyuka chini ya moto. Lazima arudi nyuma mpaka afikie chuma safi. Anayekadiria kwa kutazama tundu peke yake atakadiria pungufu siku zote.

Magari yaliyokaa pwani yanahitaji subira zaidi. Hewa ya chumvi ya Mombasa, Tanga au Dar es Salaam huingia ndani ya vizingiti na nguzo, ikalala humo pamoja na unyevu, na kutu ikaanza kula kutoka ndani kuja nje. Rangi ikitoa vipele vidogo sehemu ya chini ya mlango au karibu na tao la tairi, ujue kwamba mara nyingi kutu imekwisha kupita unene wote wa bati na sasa inatokeza upande wa pili. Gari lililokaa Nanyuki au Arusha si lazima liwe zima, lakini kutu yake mara nyingi huanzia mahali maji yalipotuama: chini ya zulia lililolowa, au kwenye matundu ya kutolea maji yaliyoziba matope. Tafuta matundu hayo chini ya milango na upitishe waya mwembamba. Yakiwa yameziba, tarajia kukuta ukingo wa chini wa mlango umeoza hata kama kwa nje unapendeza.

Kuna jaribio moja linalochukua dakika chache na linaloweza kukuokolea fedha nyingi. Gari likiwa limesimama chini, fungua na ufunge milango ukitazama mwanya kati ya mlango na nguzo kuanzia juu hadi chini. Kisha nyanyua upande mmoja kwa jeki, ufungue na kufunga mlango tena bila kutumia nguvu. Mwanya ukiwa umebadilika, au mlango ukigoma kushika kitasa, vizingiti havibebi tena uzito wa bodi, na gari linakunjika katikati. Hapo hatuzungumzii tena viraka, kwa kuwa ni mifupa ya gari inayotakiwa kujengwa upya.

Beetle: chuma cha gharama kimefichwa chini ya milango

Beetle inafundisha vizuri zaidi ya gari lolote ninalolijua tofauti kati ya uharibifu unaotisha macho na uharibifu unaokausha mfuko. Madigadi yake yote manne, yaani mabati yanayofunika matairi, yamefungwa kwa bolti. Digadi la mbele likiwa limekunjwa na lori, mtu asiyejua huona gari limekufa, kumbe fundi huvunja bolti zilizoshikwa na kutu, akalitoa, akaweka jingine na raba mpya ya katikati, na kazi kubwa ikabaki kulinganisha rangi. Boneti na kifuniko cha injini navyo hutoka kwa bolti. Uharibifu wa sehemu hizi usikushushe moyo. Utumie kushusha bei.

Sasa njoo ndani. Bodi ya Beetle imekalia sakafu ya chuma yenye uti wa mgongo katikati, na viwili hivyo vimeunganishwa kwa safu ya bolti pembezoni. Chini ya kila mlango, kuanzia miguuni pa dereva hadi chini ya kiti cha nyuma, bodi ina mfereji wa chuma ambao kiwandani ulikusudiwa kupitisha hewa ya moto kutoka kwenye injini kwenda kwa abiria. Kwetu hewa hiyo ya moto haitamaniwi sana, lakini mfereji wenyewe ndio kizingiti, ndio unaobeba nguzo za milango, na nati zinazopokea bolti za sakafu zimo ndani yake. Mfereji huu ukioza, bodi haina tena kitu cha kushikia.

Nyanyua kiti cha nyuma. Upande wa kulia utakuta kikalio cha betri, na miaka ya asidi iliyodondoka huwa imefanya kazi yake hapo. Bonyeza bati kwa bisibisi pembeni mwa betri. Likiwa limetoboka, kipande cha sakafu upande huo kitabadilishwa, jambo la kawaida ambalo fundi mzoefu halihesabu kuwa janga. Kisha shuka macho mpaka pale sakafu inapokutana na mfereji, uondoe uchafu, uitazame safu ya bolti. Ikiwa vichwa vya bolti vipo lakini bati linalovizunguka limepasuka, au ukaona mshono mnene wa kuchomelea mahali ambapo kiwandani paliwekwa raba na bolti, mtu aliyetangulia ameunganisha bodi na sakafu kwa moto ili kuepuka kazi yenyewe. Gari la namna hiyo lina gharama mbili: kwanza kuukata mshono usiotakiwa, halafu kufanya kazi iliyokwepwa.

Tazama pia bomba la kuwekea jeki, upande wa nje chini ya sakafu. Likiwa limezama ndani au limechomelewa ovyo, bati la jirani yake halina nguvu. Mbele, toa tairi la akiba na utazame kisima chake. Na chini yake, kichwa cha sakafu kinachoshika mhimili wa mbele. Kutu ya kisima ni kazi ndogo. Kutu ya kichwa cha sakafu hugusa usukani na magurudumu, na hapo usikubali kiraka.

Kubadilisha mfereji kunadai mpangilio maalumu, na mpangilio huo ndio unaoeleza kwa nini bei ni kubwa. Kabla ya kukata, matundu ya milango hufungwa vyuma vya kuyashikilia yasipanuke wala kubana. Mlango hupachikwa na kutolewa mara nyingi ili kuhakikisha mwanya haujabadilika. Bodi hunyanyuliwa kutoka kwenye sakafu, au angalau hulegezwa. Fundi anayesema atabadilisha mifereji yote miwili kwa siku mbili hajakusudia kuibadilisha. Amekusudia kuifunika kwa bati jipya juu ya kutu. Muulize moja kwa moja: "Utaishikiliaje milango wakati unakata?" Mtu aliyewahi kuifanya kazi hiyo atakueleza bila kusita, na pengine atakuonyesha vyuma anavyovitumia.

Land Rover: alumini juu, chuma chini

Land Rover za zamani, zilizoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, zina mabati ya nje ya aloi ya alumini yaliyofungwa kwa bolti na ribiti juu ya chesisi ya chuma, yaani fremu ya chini inayobeba gari zima. Sumaku haitashika kwenye mabati hayo, kwa hiyo usiitumie kutafuta puti, yaani ule mchanganyiko wa kujazia mabonde kabla ya rangi, kwenye mlango wa Land Rover. Alumini haishiki kutu ya kahawia, lakini pale inapogusana na chuma palipo na unyevu, hususan karibu na bahari, hugeuka unga mweupe na kuvimba chini ya rangi. Pitisha kidole kwenye kingo zinazogusana na chuma, chini ya milango na kwenye pembe za sanduku la mizigo la nyuma.

Bonde dogo kwenye alumini linaweza kunyooshwa, ila aloi hii hukakamaa kila inapogongwa, na ikigongwa kupita kiasi hupasuka. Mafundi wenye ujuzi huilainisha kwanza kwa moto. Kwa kuwa alumini haibadiliki rangi kabla ya kuyeyuka, wao huipaka sabuni ya mche, wakapitisha moto taratibu mpaka sabuni igeuke kahawia iliyoiva, kisha wakaondoa moto. Ukimwona fundi anafanya hivyo, uko mahali pazuri. Ukimwona anapiga nyundo kavu kavu juu ya chuma kigumu, tafuta bati jingine lililotumika. Litakugharimu kidogo kuliko siku zake.

Fedha za Land Rover zimo kwenye vitu viwili vya chuma: chesisi, na ule ukuta wa chuma unaotenganisha injini na abiria, ambao pia hubeba milango na kioo cha mbele. Gonga chesisi kwa nyundo ndogo kuanzia mbele hadi boriti ya mwisho nyuma, bila kusahau mikono inayotokeza pembeni kushika bodi. Nyanyua mikeka ya miguuni, ubonyeze pembe za ukuta na sehemu za chini za nguzo zinazobeba bawaba. Boriti ya nyuma ikiwa imeoza peke yake, hukatwa na kubadilishwa. Kutu ikiwa imetapakaa chesisi nzima, acha kuhesabu viraka. Uingereza wapo watengenezaji wa chesisi mpya zilizochovywa kwenye zinki, na japokuwa usafirishaji na ushuru ni mzigo, mara nyingi jumla yake huwa ndogo kuliko gharama ya miezi ya kuchomelea chuma kinachoendelea kuoza upande wa pili.

Peugeot 504: usipime kwa macho

Peugeot 504, iliyotoka mwaka 1968 na kushinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978, katika umbo lake la saluni, yaani gari la abiria la milango minne, haina chesisi ya kutenganishwa. Bodi yenyewe ndiyo fremu. Kwa hiyo kugongwa kwa nguvu pembe ya mbele kunaweza kuhamisha mahali pa shokomzoba, na gari likakataa kwenda moja kwa moja hata baada ya kupakwa rangi mpya. Fungua boneti, pima kwa futi kutoka kituo cha shokomzoba ya kulia hadi pointi inayojulikana upande wa kushoto, kisha upime mshazari wa pili. Vipimo viwili vikipishana kwa kiasi kikubwa, gari lahitaji kuvutwa kwenye benchi la kunyooshea, na si kila karakana inalo. Zaidi ya hapo, fuata utaratibu ule ule wa kugonga vizingiti na miguu ya nguzo za mbele.

Puti na rangi

Puti si dhambi. Ikipakwa kwenye chuma safi kwa unene usiozidi milimita 3 hivi, hukaa miaka mingi. Tatizo ni puti iliyotumika mahali pa bati. Hunyonya unyevu, huachana na chuma, na siku moja hudondoka kama kipande cha lipu. Sumaku iliyofungwa kitambaa hushika vizuri kwenye chuma chenye rangi ya kawaida, hulegea penye puti, na hudondoka kabisa penye puti nene. Ukiwa na kipima unene wa rangi, usomaji wa mikroni 100 hadi 200 (mikroni 1,000 ni milimita moja) si wa kutilia shaka. Ukikutana na mikroni 1,000 na zaidi, kuna kitu kimejazwa. Kumbuka hata hivyo kwamba baadhi ya viwanda vya zamani vilijaza viungo kwa madini ya risasi, kwa hiyo kiungo kimoja chenye unene karibu na nguzo si ushahidi wa ajali.

Kuhusu rangi yenyewe, ninasisitiza jambo moja: kupuliza ndiyo sehemu fupi ya kazi. Siku nyingi huenda kwenye kuondoa rangi ya zamani, kupiga praima, kusugua kwa msasa wa maji, kutazama bati kwa mwanga wa pembeni, kuona mawimbi, kujaza na kusugua tena. Fundi anayetoa bei ndogo ya rangi ameondoa siku hizo. Rangi za zamani zisizo na chembechembe za kung'aa, kama nyeupe na buluu za Beetle, huchanganywa na kulinganishwa kwa urahisi. Zenye chembechembe zitakulazimisha kupiga upande mzima ili tofauti isionekane. Msimu wa mvua nao una gharama, kwani rangi ya selulosi ikipulizwa kwenye hewa yenye unyevu mwingi hushika ukungu mweupe na kulazimu kurudiwa. Rangi za kisasa za kuchanganya na dawa ya kukausha hutoa mvuke unaodhuru mapafu, na vumbi la rangi za kale huweza kuwa na risasi. Barakoa za kweli na chumba cha kupulizia chenye hewa inayozunguka ni sehemu halali ya bei, na mimi humheshimu fundi anayezitaja kwenye makadirio yake.

Hesabu kwa siku za fundi

Bei kwa shilingi hubadilika kila mwaka na hutofautiana kati ya Gikomba, Kariakoo na karakana kubwa ya barabara kuu. Kinachobadilika kidogo ni muda ambao kazi inadai. Kwa hiyo mwombe fundi aigawe kazi katika siku, kisha uzidishe kwa ujira wa siku wa mahali ulipo. Tuchukue mfano wa Beetle iliyooza sakafu pande zote mbili na mfereji mmoja, yenye madigadi mawili yaliyobonyea, inayotakiwa kupakwa rangi nzima kwa kiwango cha matumizi ya kawaida. Tuseme fundi na msaidizi wake wamekubali siku hizi: kufungua vioo, viti, taa na mapambo, 3, sakafu mbili, 4, mfereji, 5, madigadi, 1, kutoa rangi, praima na msasa, 6, kupuliza, 2, kurudisha kila kitu mahali pake na kurekebisha milango, 4. Jumla ni siku 25.

Tazama kilichomo. Kufungua na kurudisha ni siku 7 kati ya 25, na hizo ndizo siku ambazo makadirio ya mdomo huzisahau, halafu zikaja kudaiwa mwishoni. Madigadi, ambayo ndiyo yaliyokushtua ulipoliona gari, ni siku moja. Kuchomelea ni siku 9, nazo ndizo zisizo na uhakika, kwa kuwa hakuna anayejua kilichomo ndani ya chuma mpaka akate. Ongeza theluthi moja ya siku hizo 9 kama akiba, yaani siku 3, ufikie 28. Usiongeze akiba kwenye kupuliza wala kufungua, maana hizo zinajulikana. Ikiwa fundi mwingine anakupa jumla ya siku 12 kwa kazi hiyo hiyo, usimshukuru bado. Muulize ni mstari gani ameupunguza.

Vifaa vihesabiwe kando: bati, waya na gesi ya kuchomelea, mawe ya grainda, praima, rangi, thina, dawa ya kuzuia kutu ndani ya vizingiti, na raba zote za vioo na milango. Raba za zamani zikishatolewa hazirudi vizuri, na kioo kilichorudishwa kwa raba ngumu kitaingiza maji kwenye sakafu mpya uliyoilipia. Vipande vya Beetle vinaagizwa kutoka nje, na ubora wake haulingani. Vingine ni vyembamba na haviingii bila kukatwa upya. Digadi la asili lililotumika lakini halijaoza ni bora kuliko jipya la bei rahisi. Kwenye vya kuagiza, ongeza nauli, ushuru wa forodha na kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kiwango chake cha kawaida ni asilimia 16 Kenya na 18 Tanzania Bara, ndipo ulinganishe na bei ya bati kukunjwa hapa hapa.

Wakati mwingine hesabu yote huelekeza kwenye kununua gari la pili lenye bodi nzima na injini mbovu. Kwa Beetle jambo hili linawezekana kiufundi, kwani bodi na sakafu hutengana. Angalia tu kwamba namba ya chesisi imepigwa kwenye uti wa sakafu, chini ya kiti cha nyuma, na hiyo ndiyo inayotakiwa kulingana na kadi ya gari. Hamisha bodi, usihamishe namba, na upate maelekezo ya mamlaka ya usajili kabla ya kukata chochote.

Makubaliano kabla ya kazi

Njia ya haki kwa pande zote mbili ni kugawa kazi katika awamu mbili. Awamu ya kwanza ni kufungua: unamlipa fundi siku zake za kuvua vitu na kukwangua mahali penye alama za chaki, bila ahadi ya kuendelea. Mkishaona chuma, mnaandika makadirio ya pili yenye uzito. Fundi mwaminifu hataona hilo kuwa dharau. Yeye ndiye anayeumia anapolazimishwa kutaja bei ya kitu asichokiona.

Andikeni kipande kwa kipande: kipi kinabadilishwa, kipi kinanyooshwa, nani ananunua vifaa, na ni jambo gani litasimamisha kazi mpaka upigiwe simu. Lipa kwa hatua zinazoonekana. Hatua muhimu kuliko zote ni kuchomelea kukiisha na kabla ya puti kupakwa, wakati mishono yote iko wazi. Nenda siku hiyo mwenyewe, pitisha mkono kwenye kila mshono, ifunge na kuifungua milango, piga picha za ndani na nje, ndipo utoe malipo yanayofuata. Picha hizo zihifadhi pamoja na risiti. Kampuni ya bima inayokubali kuandika thamani ya makubaliano, badala ya thamani ya soko ya gari lenye miaka hamsini, itataka ripoti ya mthamini, na mthamini huyo hawezi kuona kilichomo chini ya rangi isipokuwa kwenye picha ulizompa.